Jinsi Mtu Alivyomfikia Papa wa Vilindi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Yafaa kila mmoja awe na daftari na kalamu karibu, maana leo tutataja miaka na hesabu kadha wa kadha, na mwishoni kuna maswali ya kuzungumza.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mtu na bahari. Tutaona jinsi mtu, kiumbe asiyeweza kupumua majini, alivyopata kushuka katika bahari yenye baridi kali hata akaonana uso kwa uso na papa ambaye makao yake ni vilindini. Tutaishia katika mji wa Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani. Huko wapo watu waingiao baharini usiku, wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni na taa mkononi, kwa tumaini la kumwona papa huyo. Tena tutaona neno moja la kutufikirisha: papa huyu alivuliwa kwanza, akajulikana baadaye.

Papa mwenye mipasuo sita

Ninyi mkaao pwani mnamjua papa. Mmemwona sokoni, mmemla mbichi na mkavu. Ukimtazama pembeni mwa kichwa utaona mipasuo, kama mikato ya kisu. Hapo ndipo maji yanapotokea baada ya kupita kwenye matamvua, yaani viungo ambavyo samaki huvitumia kupumulia. Papa wengi wana mipasuo mitano kila upande. Lakini yuko papa mmoja mkubwa mwenye mipasuo sita. Mwaka 1788 mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa, Pierre Joseph Bonnaterre, alimwandika kitabuni na kumpa jina la kitaalamu lenye maana ya rangi ya kijivu. Sisi katika somo hili tutamwita papa wa mipasuo sita.

Papa huyu ana kichwa kipana na macho ya kijani. Akikomaa urefu wake huweza kupita mita 4. Ukoo wake ni wa kale sana. Jamaa zake walikuwamo baharini zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Anapatikana katika bahari nyingi za dunia, hata Bahari ya Hindi. Mbona basi watu wengi hawamjui? Kwa sababu hukaa chini sana, penye giza. Amepata kuonekana hata katika kina cha mita 2,500. Chukua mnazi mrefu wa mita 25, kisha uweke minazi mia moja ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine. Hicho ndicho kimo cha maji yanayoweza kuwa juu ya kichwa chake.

Basi ili mtu amfikie papa wa namna hiyo, ilimlazimu kushinda mambo matatu: kukosa hewa, uzito wa maji, na baridi. Tuyatazame moja moja.

Jambo la kwanza: hewa

Tangu zamani watu wamepiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe. Katika Ghuba ya Uajemi watafuta lulu walibana pua kwa kibanio, wakashuka kwa uzito wa jiwe, wakaokota chaza upesi upesi, kisha wakavutwa juu kwa kamba. Muda wao chini ulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kumtazama samaki. Anawaza pumzi yake tu.

Mwaka 1691 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Edmond Halley, alitengeneza chombo cha mfano wa kengele kubwa. Kilishushwa majini kimefunikwa, na hewa ikabaki ndani yake. Unaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Chukua bilauri, uifudikize, kisha uizamishe ndani ya ndoo ya maji. Utaona maji hayajai ndani, kwa sababu hewa imeshika nafasi yake.

Katika miaka ya 1830 fundi mmoja aliyekaa London, Augustus Siebe, alitengeneza kofia ya shaba yenye vioo, iliyounganishwa na vazi lisiloingiza maji. Watu waliokuwa juu chomboni walisukuma hewa kwa pampu, ikashuka kwa mpira mrefu hata kwenye kofia. Kwa vazi hilo watu walifanya kazi kubwa: kutazama meli zilizozama, kujenga magati na kadhalika. Lakini mzamiaji alivaa viatu vizito vya risasi, akatembea polepole juu ya mchanga. Alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba: aenda mwisho wa kamba yake, basi.

Jambo la pili: uzito wa maji

Maji yana uzito. Kila mita 10 unazoshuka baharini, mkandamizo huongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Katika mita 10 ni mara 2, katika mita 20 ni mara 3, na katika mita 40 ni mara 5. Mzamiaji hupumua hewa yenye mkandamizo sawa na ule wa maji yanayomzunguka, na sehemu ya hewa hiyo huingia katika damu na nyama za mwili.

Sasa fikirini chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni mapovu. Ukiifungua ghafula, mapovu hufoka. Mwili wa mzamiaji ni vivyo hivyo. Akipanda juu kwa haraka, hewa iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa mapovu, nayo humletea maumivu makali ya viungo, au kupooza, au kifo.

Watu waliujua ugonjwa huu kwa gharama kubwa. Daraja la Brooklyn, mjini New York, lilipojengwa, vibarua walichimba misingi chini ya mto, ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya kukandamizwa. Wengi walipatwa na maumivu walipotoka, na wengine walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua naye mwaka 1872 asiweze kwenda kazini tena. Mkewe, Emily, ndiye aliyepeleka maagizo yake kwa mafundi na kuleta habari za kazi, miaka mingi, hata daraja lilipofunguliwa mwaka 1883.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba mapovu hayo ni ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Kisha Mskoti John Scott Haldane na wenzake wakafanya majaribio kwa mbuzi katika chumba cha chuma. Walipandisha mkandamizo, wakaupunguza kwa namna mbalimbali, na kutazama ni mbuzi gani wanaochechemea. Mwaka 1908 wakatoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji apande hatua kwa hatua, na angoje dakika ngapi katika kila hatua. Hata leo kanuni ya mzamiaji ni hiyo: shuka kwa hesabu, panda kwa hesabu. Haraka huua.

Mtungi wa hewa

Sasa tunafika mwaka 1943. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na Ufaransa ilikuwa imetekwa na Wajerumani. Petroli ilikuwa adimu. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa akitengeneza kifaa cha kupeleka gesi kwa kiasi katika injini za magari. Akamjia ofisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, aliyetafuta kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kwa kiasi: avutapo pumzi ipate kuja, anyamazapo ikome, na mkandamizo wake ulingane na kina alichopo.

Walikijaribu kwanza mtoni Marne, karibu na Paris. Cousteau alipolala majini, hewa ilikuja vema. Aliposimama wima, hewa ilivuja ovyo. Walitafuta sababu, wakaona kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko mahali pa kuingizia hewa. Wakaviweka pamoja, na kasoro ikaisha. Katika mwezi wa Juni mwaka ule Cousteau akashuka baharini kusini mwa Ufaransa, bila kamba wala mpira wa kumfunga na chombo. Mbuzi alikuwa amefunguliwa kamba. Sasa mtu wa kawaida, akiwa na mafunzo, angeweza kuogelea kati ya samaki na kuwatazama kwa utulivu.

Lakini mtungi haukuondoa mipaka yote. Katika mita 40 kila pumzi hutumia hewa mara 5 ya ile ya juu, kwa hiyo mtungi huisha upesi. Tena kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kulevya kama pombe, na mtu aweza kufanya upumbavu bila kujua. Kwa sababu hizo wazamiaji wa matembezi huambiwa wasipite mita 40.

Jambo la tatu: baridi

Pwani ya Mombasa na Dar es Salaam maji yana joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Huko Seattle maji ni nyuzi 8 hadi 13 hivi. Maji hunyang'anya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa. Mtu asiye na vazi la kufaa hufa ganzi vidole, hutetemeka, kisha akili huanza kuchelewa. Na majini akili ikichelewa ni hatari.

Aliyepata dawa ya jambo hili alikuwa mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Hugh Bradner, kati ya mwaka 1951 na 1952. Watu walidhani kwamba ili kupata joto ni lazima mwili uwe mkavu. Bradner akaona sivyo. Alitumia mpira laini wenye vipovu vingi vidogo ndani yake. Vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto kutoka, kama vile blanketi la sufu linavyoshika hewa kati ya nyuzi zake. Maji machache yakiingia ndani ya vazi, hupashwa joto na mwili wenyewe. Wazamiaji wa maji ya baridi siku hizi wengi huvaa vazi jingine lisiloingiza maji kabisa, na ndani yake nguo nzito za joto.

Papa apandaye usiku

Basi hewa imepatikana, majedwali yapo, vazi lipo. Lakini mzamiaji haruhusiwi kupita mita 40, na papa wetu hukaa mamia ya mita chini. Watakutanaje?

Jibu ni kwamba mtu hakumfuata papa hata kwake. Papa ndiye apandaye. Karibu na Seattle kuna mkono wa bahari uitwao Puget Sound. Ulichongwa zamani na barafu nene iliyosogea juu ya nchi, kwa hiyo maji yake huwa na kina kirefu karibu na ufuko. Penye kina zaidi hupita mita 280. Majike ya papa wa mipasuo sita huingia humo kuzaa. Papa huyu hatagi mayai, huzaa wana walio hai, hata kufikia mia moja kwa mimba moja. Wadogo hukaa humo miaka kadha kabla ya kwenda bahari kuu. Wataalamu waliwafunga papa kadhaa vyombo vidogo vya kutoa sauti, wakawafuata, wakaona kwamba mchana hukaa chini na usiku hupanda juu zaidi. Giza likiingia, papa wa vilindi huja mahali ambapo mtu anaweza kufika.

Ndiyo maana wazamiaji wa huko huingia majini usiku. Huenda wawili wawili, kila mtu akimlinda mwenzake. Maji ni ya kijani na meusi, na taa haimuliki mbali. Wanamwona pweza mkubwa, kaa na samaki wa miambani. Papa wanamtumaini tu. Wengine hushuka mara nyingi wasimwone. Na ajapo, huja polepole, mkubwa na mtulivu, macho yake ya kijani yaking'aa katika taa, akapita na kutokomea. Si desturi yake kumshambulia mtu, lakini ni mnyama mkubwa mwenye nguvu, na mwenye busara hamguzi.

Alivuliwa kabla ya kujulikana

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafuta ya ini la samaki kutoka Norway yalikatika. Mafuta hayo yana vitamini A, inayosaidia macho na afya. Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada wavuvi wakawaendea papa wa namna nyingi kwa ajili ya maini yao, na bei ilikuwa nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 viwanda vikaweza kutengeneza vitamini A, biashara ikaanguka. Papa waliosalia waliokolewa na kiwanda, si na huruma ya mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Seattle waligundua kwamba waweza kumvua papa wa mipasuo sita kwa ndoana kutoka gatini. Wakamvua kwa mchezo na kujivunia ukubwa wake. Lakini hakuna aliyejua wako wangapi, wala huchukua miaka mingapi kukua. Samaki wengi huhesabiwa umri kwa mizunguko iliyo katika mifupa, kama mti unavyohesabiwa. Papa huyu pingili zake ni laini mno, hazionyeshi mizunguko vizuri. Lililojulikana ni kwamba jike hazai mpaka awe amepita mita 4 hivi. Wale waliovuliwa karibu na ufuko wengi walikuwa wadogo, wasiopata kuzaa hata mara moja. Ukichuma mahindi yote yangali machanga, msimu ujao utapanda nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jimbo la Washington likapiga marufuku kumvua. Na kuanzia mwaka 2003 wataalamu wa jumba la samaki la Seattle wakaanza kumchunguza pale pale chini ya gati lao. Walimwita kwa chambo, wakamtazama, wakampachika alama ili akirudi wamtambue. Uchunguzi wa nasaba ukaonyesha kwamba papa wadogo waliopatikana pamoja mara nyingi walikuwa ndugu wa tumbo moja. Fikirini maana yake: mvuvi mmoja, kwa usiku chache, angeweza kuondoa uzao mzima wa jike mmoja.

Hata namna ya kumchunguza imebadilika. Kumvuta papa wa vilindi hadi juu humtesa na kumvuruga. Kwa hiyo mwaka 2019, karibu na Visiwa vya Bahama, wataalamu walishuka wenyewe kwa nyambizi ndogo, wakampachika alama akiwa huko huko kwake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika kwa papa wa vilindi kutoka ndani ya nyambizi.

Na pwani yetu je?

Msidhani habari hizi ni za Marekani tu. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, na hasa wa Tanga, wamepata katika majarife samaki aitwaye silikanti. Jarife, kama mjuavyo, ni wavu wenye matundu makubwa wa kuvulia papa. Silikanti ni samaki wa vilindi, wa ukoo wa kale, ambaye wataalamu walidhani ametoweka zamani mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Majarife yalipotegwa chini zaidi, yalimleta juu mnyama ambaye hakuna aliyemkusudia. Pwani yetu nayo ina vilindi, na wavu hufika huko kabla ya mwanafunzi. Ndiyo maana mvuvi akiona samaki wa ajabu, kumpeleka habari zake kwa ofisa wa uvuvi ni kazi ya elimu kama ya mtaalamu ye yote.

Mwisho wa somo

Tukumbuke basi. Mtu aliupata mlango wa vilindi kwa kazi ya watu wengi: fundi wa kofia, daktari wa mbuzi, mhandisi wa gesi, mtaalamu wa mpira. Kila mmoja alifungua kidogo. Na mwisho wa zana zote hizo, mzamiaji wa Seattle bado yumo gizani na taa yake, anangoja. Mwenye ndoana alihitaji usiku mmoja kumpata papa. Aliyetaka kumjua alihitaji miaka. Mlango uliofunguliwa na elimu huweza kupitwa na wote wawili, na ni juu ya watu wenyewe kuamua nani atangulie.

Maneno ya kujifunza

Kilindi: mahali penye maji ya kina kirefu.
Matamvua: viungo vya kupumulia vya samaki.
Mkandamizo: nguvu ya kitu kinachobana kingine.
Jedwali: orodha ya hesabu iliyopangwa kwa safu.
Nyambizi: chombo kisafiricho chini ya maji.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja mambo matatu yaliyomzuia mtu asifike vilindini. Lipi lilishindwa kwanza?
2. Mkandamizo katika mita 30 ni mara ngapi ya ule wa nchi kavu?
3. Kwa nini mzamiaji hupanda juu polepole? Eleza kwa mfano wa chupa ya soda.
4. Bradner aliona jambo gani ambalo wengine hawakuliona?
5. Je, kwenu kuna mnyama, samaki au mti unaovunwa kuliko unavyojulikana? Kikundi kifanye nini?